Kitambaa Kilichopigwa Chapa ya Baba

Sisi ambao visigino vyetu vilipasuka kwa mchanga wa Kanamkemer, na ambao tulijua saa kwa urefu wa vivuli vyetu wenyewe, tulikuwa na utoto ambao wajukuu wetu wakiusikia hudhani tunawatungia hadithi. Ninawaandikia ninyi mliokula unga wa msaada pamoja nami na mkaota meno ya pili mkiutafuna. Mnanijua kwa tabia yangu ya kushika tarehe. Niliipata kwa sababu nilichelewa kuingia shule, na mtu aliyenyimwa kitu kwa muda mrefu hukishika kwa vidole vyote. Basi niseme wazi kwamba mambo haya yalianza mwaka wa 1980, mwaka ambao hakuna Mturkana wa rika letu anayehitaji kuelezwa, kwa kuwa ndio mwaka tulipoona ng'ombe wakilala chini na wasiamke.

Baba yangu, Ekai, aliwachukua ngamia wachache na punda waliosalia akaelekea nao magharibi, upande wa milima ya mpakani, akaahidi kurudi mvua ikinyesha. Alituacha mama na mimi katika boma letu la zamani, mbali sana na barabara. Mvua haikunyesha. Chakula kilipokwisha, mama alinishika mkono tukaenda Lodwar, ambako watu walisema unga unagawiwa, tukatua katika mtaa wa Kanamkemer, pembeni mwa mji. Hatukuwa na mtu wa kumwachia habari, maana majirani wote walikuwa wametangulia. Tangu siku ile mama alikuwa na jambo moja moyoni, nami nikalirithi kama mtoto anavyorithi shuka kuukuu: Ekai akirudi kwenye lile boma atakuta miba na majivu, wala hatajua tulielekea wapi. Watoto wengine walilala wakiwaza chakula. Mimi nililala nikimwona baba amesimama kwenye majivu yetu, akigeuza shingo huku na huku.

Nilikuwa mtoto wa pekee katika mtaa wa watoto wengi. Wenzangu walikuwa na kaka wa kuwapigania na dada wa kuwasuka, na jioni kila mlango uliita majina manne au matano. Mlango wetu uliita jina moja, Napua, na mama aliliita kwa sauti ndogo kwa kuwa sikuwa na pengine pa kuwa. Tulicheza kwa udongo wa mtoni, tukafinyanga ng'ombe wenye nundu na pembe zilizopinda, tukawajengea zizi la vijiti vya mkoma. Watoto wa leo wana michezo inayolia na kuwaka taa, na bado wananiambia, "Shosho, huku ni boring." Sisi hatukuwa na neno hilo. Tulikuwa na upweke, lakini ulikuwa na kazi ya kufanya.

Kazi yenyewe ilikuwa batiki.

Mwanamke mmoja kutoka upande wa Busia, Mwalimu Perpetua, alifungua karakana ya kina mama chini ya paa la mabati, karibu na mahali tulipochota maji. Hakujua neno la Kiturkana zaidi ya ejok, salamu yetu, na kina mama hawakujua Kiswahili zaidi ya unga, maji na kesho. Mafunzo yote yalifanywa kwa mikono. Alileta vitambaa vya amerikani, vyeupe na vigumu, akatuonyesha kwamba kwanza lazima vichemshwe ili ule ugumu wa kiwandani utoke, la sivyo rangi itateleza juu yake kama maji juu ya jani. Vilipokauka vilikuwa laini, na mama akaviita ngozi zilizokwisha kusuguliwa.

Kisha ilikuja nta. Mwalimu alichanganya nta ya nyuki iliyotoka kwa warina asali wa Pokot na mabaki ya mishumaa ya kanisani. Nta ya nyuki hushika kitambaa na haiachii. Ya mishumaa huvunjika upesi na kuacha zile nyufa nyembamba ambazo rangi hupenya na kuchora mishipa. Ukizidisha moja, unapoteza uzuri wa nyingine. Iliyeyushwa kwenye sufuria juu ya jiko la makaa, na hapo ndipo jicho lilipohitajika. Ikiwa haijapata moto vizuri, hukaa juu ya kitambaa kama ukoko na rangi hupita chini yake. Ikizidi moto, hutoa moshi na kusambaa ovyo. Inapofaa, pale brashi ilipogusa hugeuka kama pamelowa maji, pande zote mbili. Na sehemu unayoipaka nta ndiyo unayoinusuru: ukipaka kwenye nyeupe, itabaki nyeupe hata dunia yote iliyobaki iwe nyeusi.

Brashi za dukani zilizoletwa na Mwalimu ziliungua nywele zikaisha wiki ile ile. Kina mama hawakusikitika. Walikata vijiti vya mswaki, kutoka ule mti tunaouita esekon, na mtoto akavitafuna ncha hadi nyuzi zikachanua. Mtoto huyo alikuwa mimi. Nilitafuna brashi za karakana nzima, nyembamba za mistari na pana za kujaza, hadi ulimi ukawaka ule ukali wa pilipili na meno yangu yakawa meupe kuliko ya mtoto yeyote wa mtaani. Mwalimu Perpetua alicheka mpaka akakaa chini. "Mimi nimeleta brashi kutoka Nairobi," alisema, "kumbe kiwanda kiko kwa mdomo ya huyu msichana!"

Adui wetu alikuwa jua. Mnajua joto la Lodwar. Wageni hudhani tunalitia chumvi. Nta iliyopakwa asubuhi haikuwa imekauka adhuhuri, na kitambaa kilichoning'inizwa kilianza kutoa machozi. Ili nta ivunjike na kutoa nyufa ni lazima iwe baridi, na baridi kwetu ni kitu cha kutafutwa. Tuliamka alfajiri, kabla anga halijafunguka, tukachimba mchanga wa mtoni mpaka tukafika ule unyevu wa chini, tukalaza vitambaa mle kama tunavyolaza viriba. Vikiisha kupoa, mama alivikunja kwa viganja, na nikisikiliza kwa karibu nilisikia nta ikilia, mlio mdogo mkavu kama wa mtu anayekanyaga majani mbali sana. Tulikimbia navyo kwenye beseni za rangi kabla jua halijatuona. Sisi watoto tuliokota matone ya nta tukafinyanga ng'ombe wazuri kuliko wale wa udongo, tukawapanga kivulini. Kivuli kilipohama walilainika miguu, wakalala chini. Hatukucheka. Kila mmoja wetu alikuwa amekwisha kuliona jambo hilo kwa ng'ombe wa kweli.

Rangi nayo ina adabu yake. Huanza na hafifu kwenda nzito: manjano kwanza, kisha nyekundu ya udongo, mwisho nyeusi, na kila baada ya rangi unapaka nta tena juu ya ile unayotaka ibaki. Iliwekwa chumvi na magadi, pamoja na unga mweupe uliotoa harufu ya mayai viza, hata mbuzi wa mtaani wakawa wanapita mbali. Baadaye kitambaa kilirudishwa katika pipa la maji yanayochemka, nta ikaelea, mama akaiengua kwa kijiko cha matundu ili itumike tena. Hapo kazi ya siku nyingi ikajionyesha kwa mara ya kwanza. Mpaka kufikia pipa, hata mchoraji mwenyewe alikuwa hajui alichochora.

Sasa nifike kwenye lile ambalo kina mama wa Busia au wa Nairobi wasingeliwaza. Asubuhi moja Mwalimu alisema, akionyesha macho yake kisha kitambaa, "Chora ile kitu unajua." Alitarajia maua. Labda alitarajia samaki wa Kalokol, kule ziwani. Mama alichovya kijiti, akainama, akachora ndoana kubwa iliyofungukia kulia, na vidoti viwili chini ya tumbo lake. Wanawake wote waliacha kazi. Ilikuwa emachar ya ukoo wa baba, chapa ile ile iliyochomwa kwa chuma cha moto kwenye ubavu wa ngamia wetu. Mwanamke akiolewa huiacha ya baba yake na kuingia katika ya mumewe. Hivyo mama naye alikuwa chini ya ndoana ile. Lakini chapa huchomwa na wanaume, juu ya mnyama, na kilicho nayo kina mwenyewe.

Jirani yetu Asekon, aliyepewa jina la mti ule wa mswaki na ulimi wake ukafanana nao, ndiye aliyesema kwanza. "Wewe mwanamke, umechoma kitambaa cha watu!"

"Nimekichoma," mama alijibu bila kuinua kichwa.

"Na kikiuzwa?"

"Ndiyo nataka kiuzwe. Kiende mbali. Mtu wa ukoo akikiona atauliza kimetoka wapi. Ekai naye ana macho."

Hivyo ndivyo mama yangu, ambaye hakuwahi kushika kalamu, alivyoanza kumwita mume wake. Kila kitambaa alichotengeneza kilikuwa na ndoana na vidoti viwili, nami nilitafuna vijiti kwa bidii mpya, maana kila brashi ilikuwa inamvuta baba.

Kulikuwa na kikwazo kimoja, na Asekon hakukosa kukiona. Batiki haina upande wa ndani. Nta na rangi hupenya, pande zote mbili zikawa sawa. Upande wa pili ndoana ilifungukia kushoto, na ndoana ya kushoto ni ya ukoo mwingine kabisa. "Mama Napua," Asekon alipaza sauti ili karakana yote isikie, "mnunuzi akikivaa kinyume, atakuja mume wa mwenzako! Utamfanya nini?"

"Nitamlaza kwako," mama alijibu. "Wako anakoroma."

Kina mama walicheka mpaka wakashika mbavu, na Mwalimu Perpetua akaomba atafsiriwe, lakini hakuna aliyekuwa na Kiswahili cha kutosha kwa mambo yale. Tangu siku ile mama alipinda kingo za vitambaa vyake na kushona pindo nene upande mmoja tu, ili mvaaji ajue upi wa kuficha. Usiku nilikuwa bado nawaza: je, kama wakivaa kinyume?

Muda mrefu ulipita bila mtu kuuliza. Kisha siku moja ya soko, mwezi wa Novemba, tulikuwa tumetandika vitambaa nje ya duka moja mjini Lodwar, na karani mmoja wa kike wa ofisi za serikali, msichana wa kutoka bara aliyekuwa amenunua kitambaa cha mama wiki iliyotangulia, alipita akiwa amekivaa kama sketi. Mzee mmoja aliyeketi juu ya kigoda chake kidogo cha mbao alimtazama, akasimama, akamfuata, akamzuia kwa fimbo.

"Ejok," alisema.

"Ejok, mzee."

"Wewe ni bibi ya nani?"

"Mimi? Mimi sijaolewa, mzee."

"Umeolewa." Aligusa ndoana iliyokuwa nyongani kwa ncha ya fimbo yake. "Chapa iko hapa. Ni ya sisi. Nani alilipa mahari? Mimi sijakula nyama ya hiyo harusi hata kidogo."

Watu walikusanyika. Karani alijaribu kucheka, kisha akajaribu kukasirika, mwisho akaomba msaada kwa macho. "Jamani, hii ni nguo tu!"

"Hakuna nguo tu," mzee alisema. "Twende nyumbani, mama, watoto wanangoja."

Mama alijipenyeza katikati ya watu akamweleza mzee kwa Kiturkana. Nilikuwa nimeshika shuka lake, nikawa nauona uso wa yule mzee ukibadilika. Alimwachilia karani, ambaye aliondoka kwa mwendo wa mtu anayejizuia kukimbia. Mzee alimwuliza mama ni nani aliyempa ruhusa ya kuchoma chapa ya wanaume.

"Mwenye ruhusa hayupo," mama alisema. "Hapo namwita."

Mzee aliuliza jina la mwenye ruhusa. Alipolisikia alisema kwamba watu waliotoka upande wa mpakani walimtaja mtu wa jina hilo, mwenye ngamia wachache, anayewanywesha wakati mwingine kwenye visima vya Kakuma. Hakuwa na uhakika. Hakuahidi kitu. Lakini mama alirudi Kanamkemer akitembea haraka hivi kwamba nilimfuata kwa kukimbia, na tangu hapo hakuuza tena vitambaa vyake Lodwar. Aliviweka kwenye malori yaliyokuwa yakielekea Lokichoggio, akawasihi madereva waviteremshe Kakuma, mji uliokuwa mdogo wakati ule, miaka mingi kabla ya kambi.

Tulingoja. Msikosee mkadhani kungoja ni kukaa. Tulichemsha, tukapaka, tukapoza mchangani, tukatia rangi, tukaengua. Nilirefuka, na Mwalimu Perpetua akamsihi mama anipeleke shule. Mama alikubali mwezi wa Januari, siku ya kufunguliwa, nikaingia darasa la kwanza nikiwa na urefu wa wale wa darasa la sita. Nilikaa nyuma kabisa ili nisiwazibe wenzangu. Siku ya kwanza mwalimu aliuliza nani amenileta, nikajibu, "Toto," kwa kuwa ndivyo tunavyomwita mama kwa lugha yetu. Darasa zima liliangua kicheko: msichana mkubwa namna ile ameletwa shule na mtoto! Nililia njia nzima kurudi nyumbani, kisha nikaapa kwamba nitakijua Kiswahili kuliko waliocheka. Mnaonisoma mnaweza kuhukumu.

Nilipojua kuandika, nilirudi nyumbani na wazo ambalo niliona limetutoa gizani. "Mama, tumwandikie baba barua."

Alikuwa anaikagua nta. "Baba yako hasomi barua, Napua. Anasoma chapa."

Kalamu yangu mpya ilikuwa haina kazi katika jambo pekee nililolitaka.

Alikuja siku ya Alhamisi, mwezi wa Juni, si Julai kama Asekon alivyodai hadi alipoaga dunia. Nilikuwa nimetoka shule nikiwa na sare yangu. Kamba zote za karakana zilikuwa zimejaa vitambaa kivulini, kwa kuwa batiki haikaushwi juani, na kati ya kamba zile alikuwapo mwanamume mrefu, mwembamba, shuka limefungwa begani, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Hakuwa amemsalimu mtu. Alikuwa anapita polepole kati ya vitambaa kama mchungaji anavyopita kati ya mifugo jioni, akigusa huyu mgongo, yule ubavu, akikagua chapa kwa kidole. Mama alikuwa kando ya pipa, ameshika kijiko cha matundu, mvuke umemfunika uso.

Baba alifika mwisho wa kamba ya mwisho. "Hawa wote ni wangu?" aliuliza.

"Wote ni wako," mama alisema. "Ila hawa hawanywi maji. Wanakunywa rangi."

Aliangua kicheko, na mama naye akacheka, kisha akaketi juu ya mchanga, kijiko kingali mkononi. Nilisimama langoni na mkoba wangu. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kwa miaka mingi, na sasa nilikuwa nayo kwa lugha mbili. Baba aligeuka akaniona.

"Na huyu mrefu wa sare," alimwuliza mama, "ni mtoto wa nani?"

Hata Asekon alitazama chini.

"Ni wako pia," mama alisema. "Huyu ndiye sikumpiga chapa."

Alinisogelea, akanishika kidevu, akaugeuza uso wangu kushoto na kulia. "Napua alikuwa mfupi," alisema, akimwambia mama, si mimi, kwa sauti ya mtu aliyerudishiwa kitu tofauti na alichoazima. Alitueleza baadaye kwamba aliona ndoana yake ikichota maji kwenye kisima cha Kakuma, kiunoni mwa mwanamke asiyemjua, akamfuata kwa hasira akidhani ameibiwa, na mwanamke yule akamtajia Kanamkemer. Alikuwa amekwisha kurudi kwenye boma letu mara nyingi. Alikuwa amekaa kwenye majivu yale, kama nilivyokuwa nikimwona.

Alikaa nasi mpaka mvua, kisha akaenda na kurudi, akaenda na kurudi, kwa kuwa ngamia wake walikuwa kwa ndugu yake na mtu wa mifugo hawezi kuishi akiangalia beseni. Alipokuwapo alinishikia ncha ya kitambaa tukikikamua, yeye huku mimi kule, tukizungusha kila mmoja upande wake, na maji ya rangi yakadondoka kati yetu. Alinipenda, sina shaka. Lakini hadi alipofariki aliliita jina langu kwa sauti ya kuuliza: Napua? Kana kwamba huenda mwingine, yule mfupi, ndiye atakayeitika.

Ndugu zangu wa rika langu, karakana ile haipo. Mabati yalichukuliwa na upepo, mengine na watu. Mwalimu Perpetua alirudi kwao, na mama yangu amelala upande wa magharibi wa mji, mahali ninapojua kwenda bila kuelekezwa. Ukienda Kakuma leo utakuta vitambaa vya kila taifa, kambi imeleta lugha na rangi ambazo hatukuzijua, na wanawake wa Sudan Kusini wanashona mashuka mazuri yaliyotariziwa kwa mkono, nami nawavulia kofia. Lakini kile kinachouzwa kwa jina la batiki kimetoka mashinini. Kigeuze: nyuma ni cheupe. Nyufa za nta zimechapishwa, zote sawasawa, nyufa za nta ambayo haikuwahi kuwapo. Msichana mmoja muuzaji aliniambia, "Lakini mathe, nani ataona upande wa ndani?" Ni swali la haki. Nilicheka tu. Vijana wetu hujifunza batiki kwa video ya dakika mbili, wakaipaka rangi ya kupuliza, wakaipiga picha kabla haijakauka. Siwalaumu sana. Hakuna anayewahitaji waamke alfajiri.

Watoto wangu watatu ni wazuri, wamesoma kwa wakati, wana kazi Nairobi na Eldoret. Mume wangu, aliyekuwa dereva wa barabara ya Kitale hadi Lokichoggio, aliaga dunia miaka miwili iliyopita, mwezi wa Septemba, na tangu hapo nyumba yangu ya Kanamkemer ina vyumba vingi kuliko sauti. Mimi si mtu wa kuomba kutembelewa. Simu ninayo, majina yao yote yamo humo, nao wanajua nilipo, kuliko baba yangu alivyojua tulipokuwa. Enzi zetu mtu alipotea na akatafutwa hadi kisimani. Siku hizi hakuna anayepotea.

Krismasi iliyopita binti yangu alikuja kwa siku moja. Baada ya chakula alitaka kunionyesha maajabu ya simu yake mpya. Alivuta picha kwa vidole viwili, kutoka dunia nzima hadi Kenya, hadi Turkana, hadi mstari wa kijani wa mto, mpaka nikaona mtaa wetu kutoka juu, kama ndege anavyouona.

"Mum, ona. Hili ni paa lako. Siku nikikukosa naangalia hapa."

Niliweka miwani. Niliona paa, nikaona ua, nikaona kivuli cha mgunga. Kisha nikaona, chini ya kivuli kile, mstatili mdogo wa bluu. Ilikuwa pikapu ya mume wangu, tuliyoiuza mwezi mmoja baada ya maziko. Alikuwa na kawaida ya kuiegesha pale akirudi kula, na kama ipo pale basi yeye yumo ndani ya nyumba, kwenye kile kiti kinachotazama mlango, anangoja chai.

"Picha hii ni ya lini?" niliuliza.

"Sijui, Mum. Huwa wanabadilisha wakati wanataka. Ni ya zamani kidogo." Akasogeza kidole aizime.

Nikamshika mkono. Nikamwambia aiache kwanza.